Serikali iko mbali, komanda iko hapa: askari wa Masisi na Walikale



Tangu Goma ianguke mwisho wa Januari 2025, kuna neno moja ninalolisikia kila mahali, kwenye matanga, kwenye basi, hata kati yetu sisi wenye diploma: "Askari walituuza." Mwenye kusema anatikisa kichwa na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Halafu namkumbuka mjomba wangu na ninanyamaza.

Mjomba, mdogo wa mama, alizaliwa upande wa Walikale na akaoa Masisi. Aliingia Mai-Mai akiwa kijana mdogo wakati wa vita ya RCD. Baadaye aliingia jeshi la taifa kwa njia ya brassage, na akabaki humo chini ya Joseph Kabila, kisha chini ya Félix Tshisekedi. Sijawahi kumsikia akimsifu rais yeyote. Hata mmoja. Kama unatafuta mtu asiyewaamini wakubwa wa Kinshasa, ni yeye. Lakini hakutoroka. Nilisomea historia, na kusema kweli swali lake limenisumbua kuliko swali la waliokimbia: mtu anaitumikiaje miaka yote hiyo serikali ambayo haiamini?

Jibu langu linaanzia kwenye orodha ya mshahara na kwenye sufuria. Naona kwamba huku kwetu utii wa askari haukuwahi kufika Kinshasa. Uliishia njiani, kwa mtu wa katikati, yule anayeshika orodha, chakula na risasi. Huyo alipokuwa mkweli, askari alipigana hata kwa serikali aliyoidharau. Alipokuwa mwizi, askari alitafuta baba mwingine: kabila, mlima, ama shimo la madini.

Mkoloni alilijua jambo hili mapema. Katika Force Publique makabila yalichanganywa makusudi, na askari alipelekwa mbali na kwao, ili siku ya kupiga watu asimkute mama yake mbele. Mwaka 1944 mpango huo ulijaribiwa mara mbili. Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, askari wenyewe waliasi mwezi Februari. Na huku, katika msitu kati ya Masisi na Lubutu, Wakumu waliochoka na kazi ya lazima ya wakati wa vita kuu waliinuka chini ya Bushiri, mtu wa Kitawala. Askari wageni waliletwa na waliwazima kwa damu. Nashangaa kila mara kwamba vitoto vyetu shuleni vinajifunza mito ya Ulaya lakini havijui jina la Bushiri. Tuendelee.

Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru, Jenerali Janssens aliandika ubaoni mbele ya askari wake kwamba baada ya uhuru ni sawa na kabla ya uhuru. Jeshi likaasi. Mobutu aliyekuja kulishika jeshi hilo mwishowe aliligawa kama vipande viwili: kikosi chake mwenyewe, DSP, kilichotunzwa, na hao wengine walioachiwa wajipange. Septemba 1991 wanaparashuti wakaanza kupora Kinshasa. Januari 1993 askari wakapora tena, na sababu yake inafaa kukumbukwa. Walilipwa noti mpya za zaire milioni 5, ambazo Étienne Tshisekedi, Waziri Mkuu aliyekuwa akivutana na Mobutu, alikuwa ametangaza kwamba si halali. Wafanyabiashara wakazikataa. Fikiri kidogo: askari amesimama sokoni, mkononi ana noti yenye sura ya rais, na mama wa unga anamwambia, "Papa, hii ni karatasi."

Miezi miwili tu baadaye, tarehe 20 Machi 1993, mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakapanda mpaka Masisi. Mambo ya uraia, ardhi na kura yalikuwa yamechemshwa na wanasiasa kwa muda mrefu, na maelfu ya watu wakafa, Wahunde, Wanyanga na Wanyarwanda. Jeshi lililopaswa kusimama katikati lilikuwa lile lile la noti zilizokataliwa. Mobutu alituma DSP mwezi Julai na hali ikatulia kwa muda. DSP nao hawakuwa malaika, lakini walikuwa na mshahara na amri moja. Habari za wale wengine waulizeni ng'ombe wa Masisi, kama bado kuna walio hai wa wakati ule.

Wakati wa AFDL na RCD napita haraka, wengi wenu mliuona. Nataja jambo moja tu. Laurent-Désiré Kabila aliingia na makadogo, watoto wengi wao kutoka Kivu, na tarehe 16 Januari 2001 alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe, aliyekuwa kadogo. Utii kwa mtu mmoja una mwisho wa namna hiyo pia.

Sasa brassage, maana hapo ndipo Mjomba anaingia. Baada ya serikali ya mpito kuanza mwaka 2003, makundi yote, jeshi la zamani la Kinshasa, RCD, MLC na Mai-Mai, yalipaswa kuingia jeshi moja, FARDC. Katika milima ya Masisi kambi ya brassage ilikuwa Mushaki. Ulifika na bunduki yako na komanda wako, bunduki ikachukuliwa, mkatenganishwa, ukaulizwa: jeshi au raia? Aliyechagua uraia alipewa dolari 110 za kuanzia njia. Mjomba alichagua jeshi. Alisema alikuwa hajui kazi nyingine, na kwamba pale Mushaki ndipo mara ya kwanza mtu wa serikali aliandika jina lake kwenye daftari. Alipewa karatasi. Karatasi hiyo aliitunza kuliko cheti cha ndoa, mkewe alikuwa anamcheka kwa sababu hiyo.

Tatizo ni kwamba hilo daftari lilikuwa chakula cha watu. Makundi yalikuwa yametangaza kwamba yana askari zaidi ya 300,000. Walipokuja kuhesabu, watu wa Afrika Kusini kwanza na kisha wa Umoja wa Ulaya, walikuta idadi iko chini kabisa ya hapo. Tofauti hiyo ilikuwa askari hewa, na mshahara wa askari hewa una mdomo wa kuula. Askari wa kawaida alipewa wakati ule dolari 10 hivi kwa mwezi, baadaye ikafika 20 na kitu, ikifika. Ujumbe wa Ulaya ulioitwa EUSEC, ulioanza mwaka 2005, ulileta wazo ambalo mimi naliona kubwa kuliko risasi zote zilizoletwa hapa: kutenga njia ya amri na njia ya pesa. Yaani komanda aamrishe, lakini mfuko wa mshahara usipite mikononi mwake. Baadaye wengine walianza kulipwa kwa benki. Mjini hiyo ilikuwa nzuri. Lakini askari aliye juu ya kilima nyuma ya Kitchanga, benki yake iko wapi?

Mjomba alisimulia kwamba kapiteni wake wa kwanza baada ya Mushaki alikuwa mtu wa Bandundu, asiyejua Kiswahili vizuri. Siku ya mshahara alikusanya kampuni yote na kusoma orodha kwa sauti, jina kwa jina, na kiasi kilichofika. Kikiwa pungufu alisema ni pungufu, na yeye mwenyewe alichukua pungufu mbele yao. "Hatukumupenda," Mjomba aliniambia, "alikuwa mukali sana. Lakini hakuna mwenye alikimbia kwa kampuni yake." Miaka miwili baadaye wakabadilishiwa mwingine, na orodha haikusomwa tena. Waliofariki waliendelea kulipwa. Katika miezi mitano, theluthi ya kampuni ikayeyuka.

Wakati huo huo kulikuwa na mlango mwingine, na mlango huo uliitwa Bisie.

Wasioijua: Bisie ni kilima katika msitu wa Walikale. Kasiterite, madini ya bati, iligunduliwa pale kama mwaka 2002, na baada ya miaka michache kasiterite nyingi ya Kivu Kaskazini ilikuwa inatoka hapo. Hakukuwa na barabara. Wapagazi walibeba kilo 50 mgongoni, wakatembea msituni mpaka Njingala, kisha mzigo ukafika Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami kana kwamba ni uwanja. Na nani alikuwa analinda Bisie? Brigedi ya 85 ya FARDC, chini ya Kanali Samy Matumo. Kwa karatasi ilikuwa jeshi la taifa. Kwa kweli ilikuwa Mai-Mai waliovaa uniformu bila kupita brassage. Walikaa pale tangu 2006 mpaka 2009, wakitoza kila mpagazi anayepita, na kuwa na mashimo yao wenyewe.

Wenzake wa zamani wa msituni walikuwa humo. Walimtumia Mjomba ujumbe: kuja, huku tunakula. Naye alikuwa amekaa miezi bila mshahara. Nilimuuliza kwa nini hakwenda. Akafikiri sana, akasema, "Kule serikali iko mbali, komanda iko hapa. Siku komanda anakuchukia, utalalamika wapi?" Mimi niliyesoma vitabu vya siasa sijakutana na maelezo mazuri kuliko hayo juu ya kwa nini mtu angebaki katika jeshi bovu la taifa. Daftari la Mushaki lilikuwa na wezi, lakini lilikuwa na mlango wa kupigia hodi. Bisie ilikuwa na mtu mmoja tu.

Tuwe wa haki kwa Brigedi ya 85. Vijana wale walikuwa watoto wa Walikale, na waliapa kwamba CNDP ya Laurent Nkunda haitaikanyaga ardhi yao. Watu waliwaamini kwa hilo. Halafu Nkunda akakamatwa Rwanda Januari 2009, mapatano yakatiwa saini tarehe 23 Machi, CNDP ikaingizwa jeshini kwa haraka, na mwaka huo huo brigedi iliyotumwa kushika Bisie mahali pa Matumo ilijaa waliokuwa CNDP. Adui wa jana alivaa uniformu ileile na akasimama kwenye bariyeri ileile. Ukitaka kujua kwa nini Walikale haikuamini tena neno la Kinshasa, soma mwaka huo.

Katika pengo hilo akatokea Ntabo Ntaberi Sheka, mtu wa biashara ya madini, akasema anawatetea Wanyanga. Mwisho wa Julai 2010 watu wake pamoja na FDLR waliingia Luvungi na vijiji vya jirani, kwenye barabara ya Kibua na Mpofi. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 waliobakwa katika vijiji 13, kwa siku nne. Huyo ndiye mtetezi. Alijisalimisha 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifungo cha maisha.

Mapatano ya 2009 yalipasuka Aprili 2012, uasi ukianzia milima ya Masisi, kundi likajiita M23 kwa tarehe ile ya 23 Machi. Tarehe 20 Novemba Goma ikaanguka. Siku mbili baadaye Jenerali Gabriel Amisi, mkuu wa jeshi la nchi kavu, alisimamishwa kazi, baada ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kumtuhumu kuuza silaha kwa makundi. Baadaye alirudishwa jeshini. Mimi si hakimu wake. Ila jiwekeni mahali pa askari wa Sake aliyesikia habari hiyo redioni akiwa na magazeni moja ya risasi.

Na hapa hoja yangu inafika kwenye mpaka wake, lazima niseme. Askari waliokimbia Goma walifika Minova na wakabaka wanawake wengi na wasichana. Kati yao walikuwemo wa batalioni ya 391, waliofundishwa na Wamarekani huko Kisangani. Katika kesi iliyomalizika Mei 2014, kati ya washtakiwa 39 ni wawili tu waliohukumiwa kwa ubakaji. Mshahara ulioibiwa unaeleza kwa nini mtu anatupa bunduki. Hauelezi Minova. Mjomba hataki habari hiyo izungumzwe mbele yake, anatoka nje.

Mwaka uliofuata tuliona kinyume chake kwa macho yetu. Kanali Mamadou Ndala, wa batalioni ya 42, hakuwa mtu wa Kivu. Rais alikuwa yuleyule, Joseph Kabila, asiyeaminiwa kama jana. Wizara ileile. Lakini Mamadou alionekana mbele, kwenye mstari, na vijana wake walisema wanakula anachokula. Julai 2013 ikavuma kwamba anaitwa Kinshasa, na watu wa Goma wakajaa barabarani kuzuia asiondoke. Mamadou mwenyewe hakuwaita. Raia walikuwa wanamlinda mwanajeshi dhidi ya serikali ya mwanajeshi huyo! Nilikuwa mmoja wao, na nilipoteza kiatu kimoja karibu na rond-point. Novemba M23 ikashindwa. Tarehe 2 Januari 2014 Mamadou aliuawa karibu na Beni, ndani ya gari lake, na mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani afisa wa FARDC. Mjomba alizima redio na hakusema neno siku hiyo yote.

Nadhani Kinshasa ilisoma vibaya somo la Mamadou. Badala ya kutengeneza watu wa katikati kama yeye, ilikopa wale wa milimani. Mei 2022 makundi kadhaa yalikutana Pinga, Walikale, yakakubaliana kusimamisha vita kati yao na kupigana na M23. Walikuwemo APCLS ya Janvier Karairi na NDC-R ya Guidon Shimiray. Guidon huyo alikuwa na hati ya kukamatwa ya sheria ya kijeshi tangu 2019. Kisha jina la Wazalendo likaja, na mwaka 2023 sheria ya jeshi la akiba. Sidharau vijana wa Wazalendo, wengi wamekufa wakilinda vijiji ambavyo jeshi liliacha. Lakini muulize askari wa kawaida: aliona nini? Aliona kwamba aliyekataa Mushaki na kubaki na bunduki yake msituni, leo anakaa meza moja na jenerali.

Na yeye mwenyewe akaonyeshwa kamba. Machi 2024 serikali ilirudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo. Mwisho wa Aprili M23 ikachukua Rubaya na koltani yake. Tarehe 3 Mei mahakama ya kijeshi ya Goma iliwahukumu kifo wanajeshi 8, maafisa watano kati yao, kwa uoga mbele ya adui. Julai, huko Butembo, 25 wengine. Kama hukumu inaweza kuleta uaminifu, Masisi-centre isingeanguka tarehe 4 Januari 2025, wala Sake baada ya majuma mawili na kitu. Meja Jenerali Peter Cirimwami, gavana wa kijeshi, aliuawa karibu na Sake, akiwa mstari wa mbele. Hatuwezi kusema wakubwa wote walikaa hotelini. Machi, wakati M23 ilikuwa inaingia Walikale-centre, ndipo tukasikia kwamba mshahara wa askari unaongezwa mara mbili. Machi!

Mjomba alikuwa upande wa Sake. Alirudi nyuma na wenzake mpaka Goma, na mji ulipoanguka aliingia kambi ya MONUSCO pamoja na mamia ya wengine. Alikaa humo miezi mitatu. Tangu tarehe 30 Aprili Msalaba Mwekundu uliwasindikiza askari na polisi zaidi ya elfu moja mpaka Kinshasa, naye alikuwa ndani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuufikia mji ule ambao aliutumikia karibu miaka 20.

Alinipigia simu usiku. Nilifikiri ataniambia amechoka, kwamba sasa anaacha. Aliuliza kwanza habari za mkewe na watoto. Halafu akasema wanaandikwa upya, kila mtu anasimama mbele ya meza na kutaja namba yake, na kuna ambao majina yao hayaonekani. Akaniomba, kama najua mtu anayefika Sake, amwangalizie nyumbani ile karatasi ya Mushaki. Iko ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo za watoto.

Nilimtuma kijana mmoja wa pikipiki. Nyumba iko, mlango hauko, na sanduku hakuliona.